UZI: Nabii anakosea, waumini wanaongezeka. Kwa nini? Tuzungumze saikolojia ya dini bila matusi

Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Kila mjadala wa dini humu unaishia pale pale. Upande mmoja unasema wanaojaa viwanja vya Kawe kwenye mikutano ya manabii ni wajinga waliokosa shule. Upande wa pili unasema ule ni mkono wa Mungu na anayehoji ana roho chafu. Pande zote mbili zinanichosha kwa sababu hazielezi kitu. Kwenye mikutano hiyo nimewaona wahasibu, manesi, walimu wa sekondari, watu wenye shahada mbili. Ujinga hautoshi kuwa jibu. Na ukisema "ni Mungu tu", bado hujaniambia kwa nini mtu anabaki kwa nabii yule yule aliyemtabiria gari mwaka juzi, akamtabiria tena mwaka jana, na hadi leo anapanda daladala.

Mimi ni muumini. Nimefunga ndoa kanisani na naimba besi kwenye kwaya. Sijaja kubomoa imani ya mtu. Saikolojia haina kipimo cha kujua kama Mungu yupo. Inachoweza kuchunguza ni sisi tunaoamini: tunashikwaje, nini kinatujenga, nini kinatuumiza.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili wabishi mjue pa kupiga. Kinachomshika mtu kwenye dini ni mambo mawili: kutokuwa na uhakika wa kesho, na kuwa na watu. Mafundisho yanaingia baadaye. Na nguvu ile ile inayomwinua mjane pale Mbagala ndiyo anayoitumia tapeli kumkamua mjane huyo huyo. Tusipoielewa tutaendelea kutukanana tu huku ndugu zetu wanateketea.

Nianze na hilo la kesho.

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Poland aitwaye Bronisław Malinowski alikuwa akiishi visiwa vya Trobriand, jirani na New Guinea. Akawaangalia wavuvi. Waliovua kwenye maji tulivu ya ndani, ambako samaki wapo na hatari ni ndogo, walitegemea ujuzi wao tu, bila uganga wowote. Waliotoka kwenda bahari kuu, ambako mtu anaweza kurudi mtupu au asirudi kabisa, walikuwa na makafara na maneno ya kuzindika mengi mno. Ni watu wale wale wa kisiwa kile kile. Uganga ulianzia pale ujuzi ulipoishia.

Sasa itazame Dar. Mwenye mshahara wa uhakika, bima ya afya na nyumba yake anaomba, ndiyo, ila anaomba kwa utulivu. Halafu mtazame kijana anayetandaza viatu Kariakoo kwa mtaji wa laki moja, hajui kama kesho ataruhusiwa kupanga bidhaa pale alipopanga leo, mtoto ana homa, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mtazame dada aliyeolewa muda mrefu hajashika mimba na mawifi wameshaanza maneno. Hawa wapo bahari kuu kila siku ya Mungu. Ukimwambia mtu wa namna hiyo "acha ushirikina" na ukaondoka, umemnyang'anya kamba aliyoshika na hujampa nyingine.

Kwa nini basi habanduki hata baada ya utabiri kufeli? Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alichukua njiwa wenye njaa akawaweka kwenye visanduku ambamo chakula kilijileta kila baada ya sekunde kadhaa, njiwa afanye chochote au asifanye. Kati ya njiwa wanane, sita walianza vituko. Mmoja akawa anazunguka, mwingine anasukuma kichwa kwenye kona ya juu ya kisanduku. Kila mmoja alikuwa amekamata kile alichokuwa anafanya chakula kilipotokea, akakirudia na kukirudia.

Wanasaikolojia walikuja kuonyesha jambo jingine lenye uzito zaidi kwetu. Kiumbe anayelipwa kila mara, ukikata malipo anaacha upesi. Anayelipwa kwa kubahatisha, leo ndiyo, wiki tatu hapana, ataendelea muda mrefu sana bila kupata kitu. Vijana wa mikeka ya kubeti mnanielewa: mkeka mmoja uliotiki zamani unafuta kumbukumbu ya yote iliyochanika.

Weka hilo ndani ya ibada ya watu elfu tano. Wote wameombewa: kazi, visa, homa, hati ya kiwanja, mchumba. Ndani ya wiki moja wapo ambao wangepata tu, kwa sababu homa nyingi hupona na barua za ajira hutoka. Hao ndio wanaopewa kipaza sauti. Hakuna mchungaji anayesema "wale ambao bado, pandeni madhabahuni mmoja mmoja mtueleze". Anayeshuhudia hasemi uongo, anasimulia alichokiona kwake. Lakini wewe uliyekaa kwenye kiti cha plastiki unasikia ushindi juu ya ushindi, na unajiuliza una dhambi gani hadi zamu yako haifiki.

Nakula kwanza, nitarudi na suala la watu.

Mchangiaji, Tabata

Mkuu umeanza vizuri ila umewakazia walokole peke yao. Waganga je? Na wale mashehe wa makombe? Au huko unaogopa?

Mleta uzi

Siogopi ndugu yangu, ni mpangilio tu. Kisomo cha kutoa majini kinacholipiwa laki kadhaa, kombe la kunywa siku saba, mganga wa Bagamoyo anayedai jogoo mweusi, mafuta ya upako, maji, chumvi, vitambaa: vyote vinakaa kwenye pengo lile lile la bahari kuu.

Mwaka 2010 taasisi ya utafiti ya Pew ilitoa ripoti yake juu ya dini katika nchi 19 za Afrika kusini mwa Sahara. Tanzania, watu 93 kati ya 100 waliohojiwa walisema wanaamini uchawi upo. Idadi hiyo haiwezi kuwa ya dini moja. Ni sisi sote, wa msikitini na wa kanisani. Ndiyo maana mtu anapokea ekaristi Jumapili asubuhi na Jumatatu usiku yuko kwa mtaalamu, na haoni mgongano. Anatafuta uhakika popote unapouzwa.

Na naomba sana tusigeuze uzi huu kuwa ubishi wa dini ipi ina watu wengi. Sensa ya nchi hii haijauliza dini ya mtu tangu 1967, na kwa maoni yangu ni moja ya busara kubwa za taifa hili.

Mleta uzi, sehemu ya pili: watu

Mwishoni mwa 1954, mwanamke mmoja katika eneo la Chicago alisema amepokea ujumbe kutoka kwa viumbe wa sayari nyingine: gharika itakuja Desemba 21, na kikundi chake kitafuatwa na chombo usiku wa kuamkia siku hiyo. Wapo walioacha kazi na kugawa mali. Mwanasaikolojia Leon Festinger na wenzake waliingia kwenye kikundi wakijifanya waumini ili waone nini kitatokea.

Usiku ukapita. Hakuna chombo, hakuna maji. Kabla ya kupambazuka ukaja ujumbe mpya: kikundi kile kidogo kimetoa nuru nyingi hadi Mungu ameiahirisha adhabu. Na kwa maelezo ya watafiti hao, watu waliokuwa wakiwakwepa waandishi wa habari wakaanza kuwapigia simu wenyewe ili kuutangaza ujumbe.

Wengi wanapoisimulia habari hii wanaishia hapo, na wanaacha sehemu ambayo mimi naiona ndiyo kiini. Wapo waumini ambao usiku ule hawakuwa na kundi. Walikuwa makwao, kila mtu na ukuta wake. Hao wengi wao imani iliwatoka. Utabiri ulikuwa ule ule na ulifeli vile vile. Tofauti ilikuwa ni nani alikuwa na mtu wa kumshika mkono kulipokucha. Utafiti huo una lawama zake, hasa kwamba watafiti walikuwa wengi mno ndani ya kikundi kidogo kiasi cha kuweza kukisukuma, na lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo hilo la upweke linalingana na ninayoyaona hapa mjini.

Hatuhitaji kwenda Chicago. Tuna Maji Maji. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji, na ikaaminiwa kwamba risasi za Mjerumani zitageuka maji. Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba iliyokuwa ikilimwa kwa shuruti. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Agosti, Kinjikitile akanyongwa. Kwa hesabu ya kawaida mambo yalipaswa kuishia hapo: mwenye dawa kafa. Lakini vita ndiyo kwanza ilikuwa inawaka. Ikaenea kwa Wangindo, Wapogoro, Wangoni na wengine, hadi 1907. Risasi zilipoua, jibu lilikuwa tayari: aliyekufa alivunja mwiko.

Tulifundishwa shuleni kuyaona yale maji kama ujinga wa mababu. Mimi nayaona kama kiapo. Watu ambao hawakuwa na mtawala mmoja wala kabila moja walikunywa kitu kimoja, wakawa kitu kimoja mbele ya dola yenye bunduki za rashasha. Dai la risasi kugeuka maji lilikuwa la uongo na liliwagharimu maisha. Umoja ulikuwa wa kweli. Vyote viwili vilikuwa kwenye kibuyu kimoja, na hapo ndipo dini inapokuwa ngumu kuihukumu kwa neno moja.

Mfaransa Émile Durkheim aliandika mwaka 1912 kuhusu ule mchemko unaowapata watu wanapokusanyika kwa ibada: mtu anajisikia mkubwa kuliko nafsi yake, na anaamini nguvu ile imetoka nje. Aliyewahi kusimama kwenye maulidi pale Mnazi Mmoja watu wakiitikia kwa pamoja, au kwenye mkesha saa nane usiku wakati pambio limekolea, hahitaji kufafanuliwa. Mwaka 2009 Scott Wiltermuth na Chip Heath wa Marekani walipima kitu kinachofanana na hicho kwa njia ya kawaida kabisa. Waliwafanya wanafunzi watembee kwa hatua zinazolingana, wengine watembee ovyo, kisha wakawapa mchezo unaohitaji kuaminiana. Waliokwenda kwa hatua moja walishirikiana zaidi. Hakukuwa na wimbo, mahubiri wala Mungu, ni miguu tu.

Pia 2001 Luciano Bernardi na wenzake walichapisha matokeo ya kupima watu 23 wakisali rozari kwa Kilatini na wakirudia mantra za yoga. Vyote viwili vilishusha pumzi hadi kama 6 kwa dakika, na mapigo ya moyo yakapata mwendo mzuri. Uradi wa tasbihi haukupimwa, ila mwenye kuuvuta taratibu baada ya swala anajua mwili unavyotulia.

Na sasa jiji letu. Sensa ya 2022 iliihesabu Dar watu zaidi ya milioni 5.3, na wengi wetu au wazazi wetu tulishuka stendi na begi moja kutoka Singida, Kigoma, Lindi, Bukoba. Ukoo uko huko. Ukifiwa Goba au Chamazi, nani anakuja kwanza? Ni jumuiya ndogo ndogo, ni majirani wa msikitini, ni kwaya. Wanaleta turubai, viti, sufuria, rambirambi, wanakesha na wewe. Maiti ya Mwislamu inaoshwa na kuzikwa na watu ambao pengine hamjawahi kula pamoja. Mtu anayesema dini ni hadithi tu hajawahi kufiwa akiwa hana ndugu mjini.

Ndiyo maana ukimwambia mama wa namna hiyo "nabii wako amekosea", hujagusa kinachomshikilia. Akimwacha nabii anawaacha na wale kina mama kumi na tano watakaomzika.

Mchangiaji, Kimara

Mimi ni nesi. Nakuuliza swali la kazini kwangu: maombi yanaponya au hayaponyi? Wagonjwa wanauliza na sitaki kuwajibu kijeuri.

Mleta uzi

Dada, asante kwa swali.

Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti mkubwa wa Herbert Benson na wenzake Marekani, wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo. Kundi la kwanza waliombewa na watu wasiowajua lakini hawakuwa na hakika kama wanaombewa. La pili hawakuombewa, nao hawakuwa na hakika. La tatu waliambiwa wazi kwamba wanaombewa. Matatizo baada ya upasuaji yaliwapata asilimia 52 ya kundi la kwanza na 51 ya la pili, yaani hakuna tofauti. Kundi la tatu, walioambiwa, ilikuwa 59. Mimi kama muumini siamini Mungu anawekwa kwenye jaribio, kwa hiyo sichukui matokeo haya kama hukumu juu yake. Ninachokiona ni kwamba hata kujua unaombewa kuna uzito wake moyoni. Pengine mgonjwa alijiambia: kumbe hali yangu ni mbaya hadi wameita waombaji.

Utafiti ambao ningetaka kila mchungaji na kila shehe wa jiji hili ausikie ni wa Kenneth Pargament na wenzake, 2001. Walifuatilia wagonjwa 596 wenye miaka 55 na zaidi kwa miaka miwili. Waliokuwa wakijiuliza kama Mungu amewatupa, waliotilia shaka kama Mungu anawapenda, na walioamua kwamba ugonjwa wao umeletwa na shetani, walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa, kati ya asilimia 19 na 28 kutegemea swali. Hiyo ni baada ya kuzingatia hali zao za kiafya.

Nikisoma hapo nawaza yule mama mwenye kansa ya kizazi anayeambiwa mbele ya watu kwamba ana roho ya mauti kutoka ukoo wa mume. Anayemwambia hivyo anadhani anapigana na shetani. Kwa utafiti huo, huenda amemuongezea mgonjwa mzigo wa hatari. Na mama yule yule akiambiwa "Mungu yuko nawe hapa hapa kitandani, na dawa umeze", dini imefanya kazi yake.

Mnakumbuka Loliondo 2011? Kikombe cha dawa cha Babu Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri (KKKT) kijijini Samunge, kilikuwa shilingi 500. Watu wakasema mbona bei ndogo, huyu si tapeli. Nami sisemi alikuwa tapeli. Lakini gharama haikuwa kikombe. Ilikuwa nauli kutoka huku Dar, siku za kulala ndani ya gari kwenye foleni ya kilomita nyingi, mgonjwa aliyetolewa wodini. Mwaka 1959 Elliot Aronson na Judson Mills walionyesha kwamba mtu aliyepata tabu kuingia kwenye kikundi hukipenda zaidi hata kama kikundi chenyewe hakina ladha. Aliyeuza ng'ombe ili afike Samunge angewezaje kurudi na kusema sijasikia kitu? Hatari kubwa ilikuwa kwa waliokuwa kwenye dawa za kufubaza VVU wakaona hazina kazi tena.

Kwa mgonjwa wako mjibu hivi: omba, na kidonge umeze kwa saa yake. Hutakuwa umemdanganya.

Mchangiaji, Sinza

Yote hayo ni Wazungu na njiwa. Saikolojia ya Freud itanieleza nini mimi Mmakonde?

Mleta uzi

Hapo tunakubaliana zaidi ya unavyodhani. Freud, daktari wa akili wa Austria, mwaka 1927 aliandika kwamba dini ni matamanio ya mtoto anayemtaka baba wa kumlinda. Ina chembe ya ukweli, ila aliijenga akiwa Vienna na wagonjwa wake wa Vienna. Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, walau alitembea. Mwaka 1925 alifika Mlima Elgon, na mganga wa huko akamweleza kwamba zamani ndoto ziliwaambia waganga kuhusu vita, maradhi na mvua, lakini tangu Waingereza waje ndoto hazihitajiki, kwa kuwa mkuu wa wilaya anajua kila kitu. Ukiyasoma maneno ya mzee yule kwa makini utaona mtu anayejua kabisa kwamba mamlaka ya kiroho inafuata palipo na nguvu ya kuijua kesho. Hakuhitaji shahada.

Na mazingira yanabadili hata sauti zinazosikika kichwani. Tanya Luhrmann na wenzake waliwahoji watu wenye ugonjwa mkali wa akili wanaosikia sauti, 20 California, 20 Accra, 20 Chennai. Wamarekani walisimulia sauti za kutukana na za vurugu. Accra wengi walisema wanasikia sauti ya Mungu, na mara nyingi ni njema. Chennai zilikuwa sauti za ndugu, zikiwaambia waoge, wafanye kazi za nyumbani. Ugonjwa ni mmoja, utamaduni ukaubadilisha lugha. Huku kwetu, yule kijana anayeongea peke yake hawezi kuwa "ana majini" tu au "ana ugonjwa" tu. Apelekwe Muhimbili, na shehe au padri wake akubali kukaa naye bila kumfunga kamba wala kumchapa.

Mchangiaji, Ubungo

Kama dini ina nguvu hivyo mbona wasali sana ndio wenye roho mbaya?

Mleta uzi

Si wote, mkuu. Kuna jaribio la 1973 la John Darley na Daniel Batson pale Princeton. Wanafunzi 40 wa seminari waliambiwa waende jengo la pili kutoa mada, wengine mada yenyewe ilikuwa mfano wa Msamaria Mwema. Njiani wakamkuta mtu amejikunja mlangoni, anakohoa. Waliokuwa na nafasi walisaidia asilimia 63. Wenye haraka kiasi, 45. Waliochelewa, 10. Kwenda kuhubiri Msamaria Mwema hakukuleta tofauti ya maana. Tafakari hilo ukiwa kwenye foleni ya Ubungo saa mbili asubuhi.

Gordon Allport na Michael Ross, 1967, waliwatenganisha wanaoitumia dini (kupata heshima, wateja, usalama) na wanaoiishi. Wa kwanza walikuwa na chuki zaidi dhidi ya watu wa rangi nyingine kuliko wa pili. Hayo nadhani kila mmoja wetu anayajua kwa kuangalia mtaa wake, sina la kuongeza.

Mchangiaji, Mbagala

Kaka, nimesoma kimya tangu mwanzo. Mdogo wangu wa kike ameingia huduma moja. Mwanzo tulifurahi, aliacha pombe. Sasa amepeleka hela ya kodi mara mbili "kupanda mbegu", hapokei simu za mama kwa sababu ameambiwa laana inatoka kwa mama, na vidonge vya presha ameacha. Tukimwambia anakasirika. Tufanyeje?

Mleta uzi

Dada yangu, pole sana. Nimelisoma mara mbili.

Usianze na mafundisho yao. Usianze na nabii. Mwanasaikolojia wa Marekani William James, aliyetoa mihadhara yake juu ya dini Edinburgh 1901 na 1902, alisema tuipime imani kwa matunda yake, asili yake tuiache. Tunda la kwanza hapo lilikuwa jema: aliacha pombe. Lishukuru hilo mbele yake, kwa moyo, kwa sababu ni kweli na kwa sababu huenda hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kumpongeza.

Kinachonitisha kwenye maelezo yako ni simu za mama, hata kuliko hela. Kuna vikundi vya dini vilivyoishia kwenye vifo: Jonestown kule Guyana, Novemba 1978, watu zaidi ya 900 walikufa. Kanungu, Uganda, Machi 2000, mamia. Shakahola, jirani zetu wa Kilifi, Kenya, 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Mafundisho yao yalitofautiana sana. Walichofanana ni kwamba waumini walitengwa kwanza: na ndugu, na hospitali, na shule, na mtu yeyote wa nje ambaye angeweza kuuliza "mbona hivi?" Huduma nyingi za hapa mjini haziko huko kabisa na sitaki kuzichafua. Lakini mahali panapomwambia mtoto kwamba mama yake mzazi ndiye chanzo cha laana, pameanza kazi ya kumtenga, hata kama wanaoifanya wanajiona wanamkomboa. Na umati wenyewe unaweza kuua bila kutengwa na mtu: Moshi, Februari 1, 2020, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakigombea kukanyaga mafuta ya upako.

Sasa kwa nini anakasirika mkimwambia? Kwa sababu ameshatoa kodi mara mbili. Kukubali kwamba ilikuwa bure kunauma kuliko kuitoa mara ya tatu. Kila mkimshambulia mnamlazimisha ajitetee, na kila anapojitetea anasikia sauti yake mwenyewe ikithibitisha. Na akitoka kwenu na hasira, kuna watu wanamsubiri na kumkumbatia. Kumbuka wale wa 1954: imani iliyofeli ilidumu pale palipokuwa na kundi. Kwa hiyo kundi lake la nje lisivunjike, na kundi hilo ni ninyi.

Mtembeleeni bila ajenda. Apigiwe na mtu ambaye hajagombana naye, shangazi au rafiki wa shule. Aalikwe kwenye shughuli, arobaini, ubarikio, hata kama atakataa mara nyingi. Maswali yawe madogo na ya kweli: "Umelala vizuri? Yule mama aliyeombewa mguu anaendeleaje sasa?" Aulizwe, kisha aachwe ajibu mwenyewe. Kama kuna padri, mchungaji au shehe ambaye yeye bado anamheshimu, huyo ndiye wa kumwambia kuhusu vidonge, maana akiambiwa na wewe itakuwa "roho ya kutoamini" na akiambiwa na daktari itakuwa "mambo ya dunia". Presha haisubiri mjadala wa imani, hilo lifanyike wiki hii.

Hela ya kodi msimpe mkononi. Zungumzeni na mwenye nyumba, mlipeni moja kwa moja, na risiti iandikwe jina la mdogo wako.